Muulize Fundi: Ukigusa njia ya hewa umegusa kabureta

Barua za safari hii karibu zote ni za kabureta na zile paipu za kuingizia hewa kwenye injini za ndege ndogo, nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu kosa lililomo humo nimelikuta mikononi mwa watu makini kabisa, watu wanaojua kufunga bolti kuliko mimi, na linaweza kuua injini ukiwa juu.

SWALI: Fundi shikamoo. Nimejijengea ndege ya viti viwili, ina injini ya Rotax 912 ULS na kabureta zake mbili za Bing. Mwanzo nilikuwa na filta za koni zimekaa moja kwa moja kwenye midomo ya kabureta, ndani ya boneti. Baadae nikaambiwa hewa ya kusukumwa na mwendo wa ndege inaongeza nguvu, nikatoboa mdomo mbele ya boneti, nikatengeneza boksi la faiba na paipu mpaka kwenye kabureta. Chini inanguruma safi. Nikipaa nikafika mwendo wa safari joto la eksozi linapanda silinda zote na injini inakuwa kama imenyimwa mafuta, nikipunguza mwendo inatulia. Nimeshaongeza saizi ya jeti kuu, kile kitundu kinachopimia petroli, mara mbili, sasa hivi chini inatoa moshi mweusi na plagi zinakuwa kama mkaa, ila juu tatizo limepungua tu halijaisha. Niende saizi nyingine?

JIBU: Marahaba. Hapana, rudisha jeti za mwanzo, leo hii, na usiruke na hiyo ndege mpaka umalize kusoma hapa.

Kuna kitu kimoja hujaniandikia, vile vimpira vyembamba vya kupumulia chemba za floti, vibakuli vya petroli vya kabureta vyenye boya ndani, vinaishia wapi? Nina hakika karibu yote kwamba vinaning'inia wazi ndani ya boneti kama ulivyoviacha enzi za filta za koni. Tatizo lako liko hapo, halipo kwenye jeti.

Watu wanasema injini inafyonza petroli. Ukweli ni kwamba petroli inasukumwa. Juu ya petroli kwenye chemba ya floti kuna presha ya hewa, na kwenye koo la kabureta, pale palipobanwa, hewa inakimbia kwa hiyo presha yake inashuka. Tofauti ya hizo presha mbili ndo inapandisha petroli kupitia jeti. Kabureta haijui umefunga filta gani wala unaruka mwendo gani, inachokijua ni hiyo tofauti tu. Zamani mdomo wa kabureta na chemba ya floti vyote vilikuwa vinapumua hewa ya sehemu moja, ndani ya boneti, kwa hiyo hesabu ya kiwanda ilikuwa inatimia. Sasa mdomo umeupa hewa iliyosukumwa na upepo wa mbele, presha ya koo imepanda, lakini chemba umeiacha kwenye presha yake ya zamani. Tofauti imepungua, petroli imepungua, na hapo hapo hewa imeongezeka. Joto la eksozi lisipande kwa nini?

Na ndo maana chini huoni kitu. Presha ya upepo inakwenda kwa mraba wa mwendo, mwendo ukizidi mara mbili presha inazidi mara nne. Ndege ikiwa imesimama hakuna upepo wa mbele wa kuzungumzia. Ikifika kilomita 185 kwa saa karibu na usawa wa bahari, hewa ikigota kwenye boksi lako inaleta presha ya ziada kama paskali 1,600, ambazo ukizipima kwa maji ni safu ya sentimita 16. Kabureta inaishi kwa tofauti ndogo ndogo za presha, kuipunguzia safu ya sentimita 16 za maji ni jambo kubwa sana. Ulipoongeza jeti ulichofanya ni kuziba upungufu wa mwendo mmoja tu, ukipunguza mwendo petroli inazidi, ukiongeza inapungua. Hakuna saizi ya jeti duniani itakayokutosha kote kote, manake kosa lenyewe linabadilika kila ndege inapobadilisha mwendo.

Dawa yake: vimpira vya chemba zote mbili viende kwenye boksi lile lile ambalo midomo ya kabureta inavuta hewa, Rotax wenyewe kwenye maelekezo yao ya ufungaji wanataka chemba ziwe na presha sawa na ya boksi. Viingie kwenye kona iliyotulia, visielekezwe kwenye upepo unaoingia kwa sababu hapo presha itazidi na mchanganyiko wa hewa na petroli utakuwa na mafuta mengi, na visiwe pembeni ambapo hewa inapita mbio ikivifyonza kwa sababu utarudi kule kule kwenye upungufu wa petroli. Kisha toboa tundu la kumwagia chini kabisa ya boksi, weka kipaipu kinachotoka nje ya boneti mbali na eksozi, kwani siku floti ikikwama petroli itafurika humo na lazima iwe na pa kwenda.

Usiniamini kwa maneno, pima. Chukua mpira wa plastiki unaoonekana ndani, ukunje kama herufi U, tia maji yenye rangi kidogo, upande mmoja unganisha na boksi na upande wa pili na mstari wa kupumulia chemba, hiyo U uifunge ndani kwenye viti mahali panapoonekana. Ruka na mtu mwingine mwenye leseni, mmoja aendeshe mwingine asome maji. Maji yakikaa sawa pande zote mbili kuanzia mwendo wa kupanda mpaka mwendo wa safari, umemaliza. Yakipishana, hamisha sehemu ya kuchomeka na urudie. Kifaa cha bei ya mpira na maji kitakwambia kitu ambacho geji ya joto la eksozi inakwambia kwa kuchelewa.

Halafu niseme na hili kwa vile nakuona umelifuatilia kwa moyo. Hiyo nguvu ya kusukumwa na upepo ni ndogo kuliko inavyosifiwa. Paskali 1,600 kwenye presha ya hewa ya kawaida ya 101,325 ni kama asilimia 1.6, na hapo bado filta na kona za paipu hazijala sehemu yao. Faida kubwa ya mdomo wako ni ubaridi. Hewa ya ndani ya boneti ikiwa nyuzi 45 wakati nje ni nyuzi 20, ile ya ndani ni nyepesi kwa karibu asilimia 8, injini inameza ujazo ule ule ila oksijeni ni pungufu. Kwa hiyo hangaika kuleta hewa ya nje ikiwa bado baridi, paipu isipite karibu na eksozi, boksi lisilale juu ya silinda, presha chukua itakayokuja yenyewe.

Ukubwa wa mdomo nao usikusumbue. Injini yako ni sentimita za ujazo 1,352, kwa mizunguko 5,500 inavuta kwa juu kabisa kama lita 62 za hewa kwa sekunde, ndege ikiwa inapanda huku mwendo wake wa kwenda mbele ni mita 30 kwa sekunde tundu la kipenyo cha sentimita 5 hivi linaitosha, ukitoboa kubwa zaidi ya hapo sana unaongeza ukinzani tu. Sehemu inayohitaji upana ni filta, hiyo iwe pana kadri boksi linavyoruhusu. Kona kali isiwepo karibu na mdomo wa kabureta, hewa ikikunja ghafla inaingia imeegemea upande mmoja. Na ile paipu ya kitambaa yenye waya ndani iangalie kwa tochi kila unapofungua boneti, waya ukiachia au kitambaa cha ndani kikibanduka inafyonzwa inajibana yenyewe injini ikiwa kwenye nguvu kamili, ukizima inarudi kama kawaida na wewe unabaki unatafuta ugonjwa kwenye kabureta.

Wale wenye ndege zilizotoka kiwandani na cheti, haya ya kutoboa mdomo na kutengeneza boksi hayawahusu mpaka muwe na kibali cha mamlaka ya anga na sahihi ya fundi mwenye leseni. Ya kukagua yanawahusu wote.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa urubani, nina saa 14. Juzi tulikuwa juu, nyuzi 24, hewa nzito ya baada ya mvua lakini mawingu hatujayagusa, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ikawa inashuka taratibu mpaka nikadhani nimesogeza throto, ule mkono wa kuongeza nguvu, kwa bahati mbaya. Mwalimu akavuta hita ya kabureta, ile inayoiingizia hewa ya moto, injini ikatikisika vibaya mno na RPM ikashuka zaidi, nikajua tumeisha, halafu ikarudi yenyewe. Akasema ni barafu. Barafu kwenye nyuzi 24?

JIBU: Ndiyo mwanangu, na mwalimu wako alifanya sawasawa. Barafu hiyo haitoki nje, inatengenezwa na kabureta yenyewe. Petroli ikigeuka mvuke inanyonya joto kutoka kwenye hewa iliyo jirani yake, ndo ule ubaridi unaousikia ukimwagikiwa na petroli mkononi, na hewa ikipanuka pale kooni inapoa zaidi. Ukijumlisha, joto ndani ya kabureta linaweza kushuka nyuzi 30 na zaidi. Toa 30 kwenye 24 yako uone umebaki na nini. Unyevu uliomo hewani unaganda kwenye kuta za koo na kwenye kile kibati cha throto, njia inazidi kuwa nyembamba na nguvu inashuka taratibu bila kelele yoyote. Hatari zaidi ni chini ya nyuzi 21 na unyevu juu ya asilimia 80, ila hata nyuzi 38 kwa unyevu wa asilimia 50 imeshaonekana inawezekana. Kwa hiyo siku ya kukutisha ni ile ya kawaida kabisa yenye unyevunyevu, ile ambayo mtu anatoka na shati moja.

Kutikisika kule kulikokutisha ilikuwa ni dawa inafanya kazi. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo kwanza nguvu inapungua na mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi, halafu barafu inayeyuka na injini inameza maji. Watu wamepoteza injini hapo hapo kwa kuogopa, anavuta hita, injini inakohoa, anadhani ameharibu, anairudisha, barafu inabaki. Ukivuta vuta yote, usiweke nusu kama huna geji ya joto la kabureta kwa sababu nusu inaweza ikaleta hewa kwenye joto lile lile linalopenda kugandisha, na uiache mpaka injini itulie na RPM ipande.

Na usichelewe. Hili nakuomba ulishike kuliko yote. Joto la ile hita linatoka kwenye eksozi. Injini ikishadhoofika eksozi inapoa, na ukingoja mpaka izime unavuta hewa ambayo haina tena moto wa kuyeyusha kitu. Ndo maana ukishuka umefunga throto, wakati kibati kimebaki na upenyo mwembamba na injini haitoi joto, kwenye ndege nyingi za aina hii hita inavutwa kabla ya kupunguza nguvu. Fuata kitabu cha ndege unayoiendesha, kila moja ina maelekezo yake. Kwenye propela inayojirekebisha yenyewe RPM haitakuonyesha kitu, angalia presha ya manifodi, ile paipu inayotoa hewa kwenye kabureta kwenda kwenye silinda.

Kwenye majaribio ya kabla ya kuruka, vuta hita RPM ishuke, isiposhuka ujue kile kilango hakifunguki. Ikishuka halafu ikaanza kupanda yenyewe wakati hita bado iko wazi, ujue ulikuwa umeshaganda ukiwa chini, na hapo usiondoke haraka haraka. Kisha irudishe, usiruke na hita ikiwa wazi isipokuwa kitabu kimesema, na usitembee nayo kwenye vumbi, hewa ya hita kwa kawaida haipiti kwenye filta.

SWALI: Injini yangu ni ya kabureta mbili, ikiwa silensa (inazunguka taratibu, throto imefungwa) inatetemeka mpaka dashibodi inalia, nikiongeza RPM inatulia. Nimebadilisha plagi, bado.

JIBU: Kabureta haziendi pamoja. Moja inafungua kabla ya nyenzie, upande mmoja wa injini unavuta na mwingine unaburuzwa. Kwenye silensa kibati kimefunguka kidogo mno kiasi kwamba tofauti ya unywele inaonekana, ukifungua zaidi inafunikwa. Anza kwa mkono, vibati vyote viguse vituo vyake kwa pamoja na waya zote mbili ziwe na ulegevu sawa, halafu ndo ufunge geji za kuvuta hewa, moja kila upande, ukiwa umetenga ile paipu inayounganisha manifodi mbili kwa sababu ikiwa imeunganishwa inasawazisha presha na kukuficha ugonjwa. Rekebisha silensa kwanza, kisha ongeza RPM na uangalie kama mishale ya geji inapanda pamoja. Rotax 912 isikae chini ya mizunguko 1,400, kule chini gia zinapigwapigwa.

Kabla ya hayo yote kagua ile mipira inayoshika kabureta kwenye manifodi. Ikipasuka inaingiza hewa ya wizi, na hewa ya wizi inasumbua zaidi kwenye silensa kwa sababu hapo ndo manifodi inavuta kwa nguvu. Zipime na floti, za Bing zikinywa petroli zinakuwa nzito na kuzama, zile mbili za chemba moja zikizidi gramu 7 kwa pamoja weka mpya.

Propela itakuwa inazunguka wakati unafanya hayo. Magurudumu yawekewe vigingi, mtu mwingine akae ndani mguu kwenye breki, na asiyehusika asisogee. Usifanye kazi hii peke yako hata kama ni ya dakika tano.

SWALI: Fundi, asubuhi ya baridi injini yetu ya Continental O-200 iligoma kuwaka, mwenzangu akawa anapampu throto mara nyingi huku anapiga stata, ikapiga kishindo na moshi ukatoka chini ya boneti. Bahati nzuri uliisha wenyewe. Kilitokea nini na tungefanya nini?

JIBU: Nyinyi mlikuwa karibu sana na kuunguza ndege. Kabureta ya hiyo injini iko chini, hewa inapanda kwenda juu. Kila ukisukuma throto ile pampu ya kuongeza mafuta inarusha petroli kooni, injini ikiwa haivuti hewa ya kutosha petroli haina nguvu ya kupanda, inadondoka kwenye boksi la hewa na kulowesha filta. Injini ikirudisha moto nyuma kupitia manifodi, moto unaikuta petroli imeshatandikwa.

Ukiona moto wa namna hiyo mkono usitoke kwenye stata. Endelea kuzungusha, injini iunyonye moto uingie ndani kwenye silinda ambako ndo mahali pake. Ikiwaka iache ifanye kazi kidogo kisha uzime na ukague. Isipowaka, kata mchanganyiko, funga mafuta, throto wazi yote, endelea kuzungusha, na moto ukiendelea tokeni na kizima moto mkononi. Hatua za kitabu cha ndege yenu ndo za kwanza, mzijue kwa kichwa kabla ya asubuhi nyingine ya baridi. Na siku hizo tumieni praima kama ipo, ile inapeleka petroli karibu na silinda, throto iacheni itulie.

Sasa kabla ya kuruka tena fungueni boksi. Filta ya sponji ikiwa imeungua hata ukingoni itoeni, vipande vyake vitaingia kwenye kabureta. Kileteni kile kilango cha hita kwenye mwanga muone kama hakijapinda kwa kishindo, na mzibue tundu la kumwagia lililo chini ya boksi, mara nyingi limezibwa na matope.

SWALI: Kwa nini injini ya kabureta inakohoa nikisukuma pua chini ghafla?

JIBU: Kwa sababu floti inategemea uzito. Ukisukuma pua kwa nguvu mpaka unajisikia kuelea kwenye mkanda, petroli nayo inaelea inapanda juu ya chemba, jeti iliyo chini inabaki na hewa. Jambo hili liliwatesa hata marubani wa Uingereza kwenye vita kuu ya pili, injini zao za Merlin zilikuwa zinakata wakisukuma pua kumfuata adui ambaye injini yake ilikuwa ya kupuliziwa petroli kwa pampu, bila kabureta. Mwaka 1941 injinia mmoja mwanamke, Beatrice Shilling, akaleta kipande kidogo cha chuma chenye tundu lililopimwa, kikafungwa kwenye njia ya mafuta kupunguza yale yanayofurika kwenye kabureta baada ya ukosefu huo wa mwanzo, ndege zikaendelea na kazi mpaka kabureta bora zikapatikana. Kwako wewe dawa ni kusukuma pua taratibu. Ila ikikohoa na wakati unaruka sawa bila kusukuma chochote, hiyo si floti kuelea, tua ukague usawa wa mafuta kwenye chemba na kile kisindano kinachofungwa na floti, na usiirushe mpaka umekiona kwa macho yako.